Wifi Wawili na Mkia wa Ndege

Kampuni yetu ina lango moja na majengo matatu, na ukitaka kujua mtu anafanya kazi jengo lipi, mtazame tu anavyotembea asubuhi akitoka langoni. Wa jengo la ndege hutembea kifua mbele, ovaroli imepigwa pasi, kama vile yeye ndiye atakayeirusha hiyo ndege. Wa matangi ya mafuta, wanaoshinda kwenye plastiki ya moto, hutembea wamekumbatia chupa za maji. Sisi wa mashine za kukatia nyasi tunatembea kawaida, kama watu waliozaliwa na mama zao. Wa ndege wanatuita wachunga nyasi. Sisi tunawaita malaika, maana wanajifanya nyayo zao hazigusi ardhi. Kantini kila jengo lina meza zake, na hakuna aliyeziandika majina.

Mimi ni wa nyasi tangu ujana wangu. Nafunga visu chini ya mashine, na wakati mwingine, vigari vya umeme vya viwanja vya gofu vikiagizwa vingi, naazimwa upande huo nifunge magurudumu. Sioni haya. Wenye kampuni hawakuwa wajinga walipoweka vitu hivi vyote nyuma ya lango moja. Watu wakikosa uwezo wa kununua ndege, nyasi haziachi kuota. Nimewahi kuwaona malaika wakishushwa kuja kushika spana kwetu mpaka biashara yao ipate nafuu, na kusema kweli mwaka mvua ilipogoma na mashine zetu zikajaa bohari, ni ndege zilizotulisha. Kwa hiyo tunataniana, lakini hakuna anayemtukana mwenzake sana, maana hujui kesho utakula meza ya nani.

Nimekaa kuandika habari za mke wangu. Jengo zima la ndege wanamwita Sisimizi, na jina hilo halimkeri. Mkia wa ndege, kadiri unavyokwenda nyuma, ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba, na pale mwisho kabisa hapaingii mtu ila yeye. Huingia kichwa kwanza, amelala juu ya ubao wenye godoro dogo, taa kwenye paji la uso, kipande cha chuma kizito mkononi. Ukifika karibu unaona nyayo za viatu vyake tu. Nilipomchumbia, rafiki zangu waliniuliza nimempendea nini mwanamke ambaye nusu ya siku ni viatu. Niliwajibu kwamba mtu anayeweza kulala humo kutwa nzima asilalamike, hata mimi ataniweza.

Ndege ndogo, kwa ambaye hajaiona ikitengenezwa, ni mabati membamba yaliyoshonwa kwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mfupi usio na ncha. Inapitishwa kwenye tundu, mtu wa nje anaipiga kichwani kwa nyundo ya upepo inayolia mpaka meno yanauma, na mtu wa ndani anaikingia chuma mguuni, ili mguu huo upondeke na kutanuka kama kifungo cha shati. Asipokuwepo wa ndani, wa nje anatoboa hewa bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa hawa wawili wametenganishwa na bati. Hawaonani, na masikio wameyaziba kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo tangu zamani wana lugha yao ya kugonga. Wa ndani akigonga bati mara moja kwa chuma chake, maana yake bado, piga tena. Mara mbili, nzuri, twende inayofuata. Mara tatu, mbaya, itoe. Hakuna fundi wa nje anayependa kusikia tatu. Kuitoa ribiti ni lazima uichimbe kwa drili, na drili ikiteleza tundu linaharibika, na tundu likiharibika utaweka ribiti nene kuliko wenzake, ikae hapo maisha yote kama jino lililoota upande. Lakini hakimu ni wa ndani, kwa kuwa mguu wa ribiti uko upande wake.

Wa nje wa mke wangu ni dada yangu. Tumbo moja, yeye ndiye mkubwa, na wanamwita Nyundo, si kwa sababu ya kazi tu. Mama yetu alikuwa akisema huyu binti alizaliwa akiwa tayari ana hasira na mkunga. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu, na sauti yake ikitoka haihitaji kipaza. Ndiye aliyemleta Sisimizi kampuni, akamfundisha kushika chuma, kisha siku moja akanivuta kando kantini.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kuna msichana mle ndani ya mkia. Ukimwacha, wewe ni mjinga."

Sikuwa mjinga. Tukaoana, na siku ya harusi dada yangu alicheza kuliko bibi harusi. Wifi hao wawili walikuwa chanda na pete. Raha hiyo haikumaliza hata msimu mmoja wa nyasi.

Waliletwa wageni, wanunuzi, waone ndege inavyoshonwa. Nyundo akapewa heshima ya kuwaonyesha, Sisimizi akiwa ndani. Akapiga ribiti ya kwanza: mbili. Ya pili: mbili. Wageni wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Ya tatu: zikagongwa tatu. Dada yangu akaangalia kichwa cha ribiti. Kimekaa sawasawa, kimelala na bati vizuri kabisa. Akagonga kwa kidole kuuliza. Ndani pakajibu tena: tatu. Hapo Nyundo akachomoa viziba masikio, akacheka mbele za wageni, akasema kwa ile sauti yake: "Mtamsamehe, huyu ni mke wa mdogo wangu. Tangu aolewe haoni vizuri."

Nyundo ya upepo ilikuwa imezimwa. Sisimizi alisikia kila neno. Akagonga tatu kwa mara nyingine, kwa nguvu, na ribiti ikabidi itolewe huku wageni wanatazama. Drili ikateleza. Wakaweka ribiti nene. Ndege hiyo inaruka mpaka leo huko iliko, na jino lake la upande.

Tangu siku hiyo wakanuniana. Si kununa kwa kutazamana vibaya, la. Walikata maneno tu, kama mtu anavyokata uzi. Nyundo alisema: "Nimemleta mimi, nimemfundisha mimi, ameniaibisha mbele ya wageni. Aniombe radhi." Sisimizi alisema: "Ameniita kipofu kwa sababu ya ndoa yangu. Aniombe radhi yeye." Mimi nilikuwa katikati. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, na mimi ni nyasi kwa pande zote mbili, nyumbani na kazini.

Utasema, si wangetenganishwa? Walitenganishwa. Meneja aliyekuwepo zamani hizo alimpa kila mmoja mwenzi mwingine, na jengo la ndege likageuka mahali pa kilio. Mwenzi mpya wa Nyundo alikuwa akichelewa kuweka chuma, akipigwa vidole anapiga kelele. Mwenzi mpya wa Sisimizi alipiga kwa pupa hata mke wangu akawa anagonga tatu, tatu, tatu kutwa nzima kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Meneja akawarudisha pamoja, na mabati yakanyamaza. Walikuwa jozi bora katika jengo lile. Mkaguzi akiona alama yao kwenye bamba, alipitisha huku anapiga miayo.

Nyumbani posta ilikuwa mimi. Dada akija kula kwetu, mambo yalikwenda hivi.

"Mdogo wangu, mwambie wifi yangu mchuzi umekolea."

"Mke wangu, dada anasema mchuzi umekolea."

"Mwambie ahsante, na kama anataka uliobaki nimemfungia kwenye bakuli."

"Dada, kuna bakuli."

"Nimeona bakuli. Mwambie bakuli la mara iliyopita nimelileta."

Na wao wamekaa kiti kwa kiti, viwiko vinagusana! Mchuzi umekolea, bakuli linakwenda na kurudi, kununiana kuko palepale. Binti yetu alikua akidhani wifi ndivyo wanavyoongea duniani kote. Alipokuwa mdogo alikuwa akila chakula kikimpendeza anagonga meza mara mbili, na asiyemtaka akija kumbeba anamgonga mara tatu kifuani.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo nilishindwa kuyaelewa. Mimba ya binti huyo, kwa mfano. Dada yangu aliijua kabla yangu. Sijui alisikia nini kwenye ule mlio wa chuma, labda ulikuwa unachelewa kidogo, labda ulikuwa umeshuka. Alikwenda kwa meneja peke yake akasema mkia umemchosha, anataka jozi yao ihamishiwe kwenye mabawa, ambako wa ndani anafanya kazi amesimama na hewa ipo. Malaika wenzake walimshangaa, maana mkia ndiyo kazi ya sifa. Sisimizi alipohamishwa hakuuliza kwa nini. Jioni alipokuja kunipa habari ya mtoto, akaanza kwa kusema: "Wifi ameshajua." Nilikasirika, nisifiche. Baba wa mtoto naambiwa wa pili!

Na siku moja nilipeleka vifaa jengo la ndege kwa kigari asubuhi mapema, nikamwona dada kabla hajawasha nyundo. Aligonga bati mara moja kwa kiungo cha kidole, akasubiri. Ndani pakajibu mara moja. Ndipo akaanza kazi. Nilidhani wanapima bati, nikaendelea na safari yangu.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka binti yetu ameingia sekondari, na huenda yangeendelea mpaka wote wastaafu, isingekuwa hedifoni.

Meneja wa sasa wa jengo la ndege ni mtu mwema, na hedifoni hakuzileta kwa kujionyesha. Jozi moja ya vijana walikuwa karibu na feni kubwa, wa nje akadhani amesikia mbili kumbe hakuna aliyegonga, akapiga ribiti inayofuata mwenzake akiwa bado ameweka kidole pale. Kidole kilipona, lakini kucha ilikwenda. Meneja alisema hataki kuona damu tena kwenye ndege yake. Akaagiza hedifoni zenye vipaza sauti, zinazozuia kelele na kupitisha maneno, akatangaza kwamba kugonga kumekwisha. Sasa watu waseme kwa mdomo: bado, nzuri, mbaya. Hata mimi mchunga nyasi niliona ni jambo la akili.

Tatizo likaja na biashara. Oda za ndege zilikuwa zimepungua, na kwetu nyasi mashine zilikuwa zinaondoka kabla rangi haijakauka. Kampuni ikaamua kutuazima watu kutoka kwa malaika. Meneja akasema ataanza na jozi zisizotumia hedifoni mpaka mwisho wa mwezi: atazivunja, mmoja aende nyasi, mwingine atafutiwe mwenzi mpya. Wote wakazivaa. Nyundo na Sisimizi pia walizivaa. Walizivaa, wakanyamaza, wakaendelea kugonga.

Jioni moja nilimkuta mke wangu anaosha vyombo, na sahani moja alikuwa ameiosha mpaka nikaihurumia.

"Mama, kwani ukisema neno moja tu utapungukiwa na nini?" nikamwambia. "Sema 'nzuri'. Si kuomba radhi, ni kazi."

"Aanze yeye."

"Yeye wa nje anasema nini? Wa kusema ni wewe."

"Kabla ya kusema 'nzuri' huwa mtu anasema 'wifi, uko tayari?' Hilo ni la kwake." Akaweka sahani chini. "Baba, nikitenganishwa naye nitafanya kazi na nani mimi? Nani atanipigia? Wengine wote wanapiga kama wanagombana na bati. Yeye ananipigia kama anajua mkono wangu uko wapi."

"Si umwambie hayo!"

"Kamwambie wewe," akasema, na kulia akalia kweli.

Nikaenda kwa dada yangu. Alikuwa uani anapiga msumari kwenye kiti kilicholegea, na kiti kilikuwa kinajuta. Nikampa habari yote, nikaongeza chumvi kidogo kwenye yale machozi.

"Analia?" akauliza, nyundo ikasimama hewani.

"Analia."

"Mwambie asilie." Akapiga msumari. "Mwambie na mimi sitaki mwingine." Akapiga tena. "Lakini mwambie aanze yeye, maana yeye ndiye aliyegonga tatu."

Niliondoka naapa kwamba nitahamia kwenye matangi, mahali ambapo sina ndugu.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika. Nilikuwa chini ya mashine, visu mkononi, nikasikia naitwa jengo la ndege. Nikachukua kigari cha gofu nikakata uwanja, wenzangu wananipigia makofi nyuma: "Mwenzetu anapelekwa mbinguni! Tusalimie huko!"

Nilimkuta Nyundo amesimama kando ya mkia, hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa kama taji, kipaza sauti amekigeuza kinatazama dari. Ndani ya mkia niliona zile nyayo za viatu ninazozijua. Meneja akanivisha hedifoni ya tatu. Siku zile za majaribio zote zilikuwa kwenye njia moja, akisema mmoja wanasikia wote.

"Fundi," akaniambia kwa upole, "wewe ni ndugu wa huyu na mume wa yule. Natakiwa nitoe jina la mmoja wao kabla zamu haijaisha. Sitaki. Nisaidie."

Nikakohoa. "Dada."

"Nakusikia."

"Mke wangu."

"Nipo, Baba."

"Basi semezaneni."

Nikasikia pumzi mbili masikioni mwangu, moja nzito na moja nyepesi, na hakuna neno. Nyundo za wengine katika jengo zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wamesimama, mikono kwenye hedifoni zao. Ndani ya mkia mtu akagonga kwa chuma mara moja, kama vile tunampotezea wakati. Dada yangu akainua nyundo yake.

Hapo meneja akachoka. Simlaumu, hata mimi nilikuwa nimechoka. Alisema: "Ndege hii nitamkabidhi mtu apande na watoto wake. Nitamwambia nini? Kwamba mkia umeshonwa na watu wawili wasiopeana hata salamu? Miaka yote hii, hata salamu!"

Kisha masikioni mwetu sote ikaingia sauti ya mke wangu, nyembamba na yenye ukali ambao huwa nausikia nikisahau kufunga mlango.

"Nani hao wasiopeana salamu?"

Meneja akatazama zile nyayo.

"Bosi, unisamehe," akaendelea, "lakini usimsingizie wifi yangu. Wifi yangu ananisalimia kila siku. Kabla ya ribiti ya kwanza anagonga kwa kidole mara moja, na hapigi mpaka nimeitikia. Hajaruka hata asubuhi moja. Nilipokuwa na mimba natapika kwenye mfuko mle bawani, alisubiri. Nilipotoka kumzika mama yangu nikarudi kazini, aligonga, nikashindwa kuitikia kwa sababu nilikuwa nalia. Akakaa hapo nje na nyundo mkononi. Hakupiga, hakuita mtu, hakunigongea tena kunihimiza. Alikaa tu mpaka nikaweza. Mnaosema hatusalimiani, hamjawahi kuwa humu ndani."

Nilimtazama dada yangu. Msiba wa wazazi wetu wote wawili sikumwona akidondosha chozi. Alikuwa anapanga viti. Sasa alikuwa ameweka nyundo chini, ametugeuzia mgongo, uso karibu na bati, na mabega yake makubwa yanapanda na kushuka. Mimi mwenyewe nilijifanya naangalia gurudumu la kigari. Nilikuwa nimebeba ujumbe wa bakuli miaka na miaka, kumbe barua yenyewe walikuwa wanapelekeana kila asubuhi bila mimi.

Nyundo akashika kipaza sauti, akakishusha mpaka mdomoni.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Leo asubuhi umeitikia taratibu. Mkono una nini?"

"Si mkono, ni bega. Nimelilalia vibaya."

"Sasa mbona husemi?"

"Ningesemaje, wifi? Kwenye kugonga hakuna bega."

Jengo zima likaangua kicheko. Wengine walikuwa wanacheka huku wanafuta macho kwa mikono ya ovaroli iliyopigwa pasi. Meneja alicheka mpaka akakaa kwenye kigari changu. Nikadhani yamekwisha, kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Na ile ribiti ya wageni," akasema dada yangu.

"Ilikuwa mbaya, wifi."

"Ilikuwa nzuri! Kichwa kililala sawa kabisa."

"Kichwa ni chako. Mguu ulikuwa kwangu, na ulikuwa umelala upande kama mlevi."

"Mlevi!"

"Na kuniita kipofu?"

"Hilo la kipofu," akasema Nyundo, na sauti yake ikawa ndogo hata sikuitambua, "nililijutia jioni ileile. Nisamehe, wifi. Nilikuwa nasubiri uanze wewe ndipo nikwambie."

"Na mimi nisamehe. Ningeweza kutoka nje nikakunong'oneza, badala ya kugonga mbele za watu."

"Lakini ilikuwa nzuri."

"Mbaya."

Meneja akavua hedifoni yake, akaipangusa, akasema jina la jozi yao halitatoka mdomoni mwake. Kisha akawaambia watu warudi kazini. Kwetu nyasi wakaletwa wengine, vijana wawili wazuri wa mabawa, na nilijitahidi kuwapokea kwa heshima, ingawa siku ya kwanza niliwauliza kama mabawa wenyewe wameyaacha langoni.

Tangu hapo shida ikageuka. Watu walioweka akiba ya maneno tangu binti yetu hajazaliwa, siku ya kuitoa wanaitoa yote. Walianza na ribiti, wakaja kwenye mchuzi, wakaja kwenye ukoo, na njia ya hedifoni ilikuwa bado moja. Kabla wiki haijaisha jengo la ndege zima lilikuwa linajua kwamba nakoroma, kwamba nilipomposa mke wangu nilisahau nilichokuwa nimekariri, na kwamba utotoni niliwahi kuogopa kuku. Kwa dada yangu hakuna siri ya mdogo mtu. Meneja akanionea huruma, akawapa njia yao peke yao. Nasikia kazi haijapungua hata kidogo. Kila baada ya sentensi kunakuwa na "nzuri", ndipo umbea unaendelea.

Nyumbani posta imefungwa. Wanakaa kiti kwa kiti kama zamani, lakini nikinyoosha mkono kuomba chumvi hakuna anayenisikia. Juzi walikuwa wanajadili tena ile ribiti, mmoja anaonyesha kwa kijiko na mwingine kwa kifuniko cha sufuria, na binti yetu akiwa hakimu. Hawajakubaliana. Sidhani watakubaliana, na sioni kama wanataka.

Kitu kimoja tu hakikubadilika, na nilikwenda kukithibitisha mwenyewe. Kugonga kumekatazwa, na wao ni watu wa kufuata sheria. Mbili zimekwisha, tatu zimekwisha. Lakini asubuhi moja nilijipa safari ya kupeleka sanduku la skrubu ambalo hakuna aliyeliomba. Nikawahi. Sisimizi alikuwa ameshaingia, nyayo za viatu zinaonekana. Dada yangu alikuwa amesimama kando ya mkia, hedifoni masikioni, kipaza sauti mdomoni kabisa. Angeweza kusema lolote.

Akakunja kidole, akagonga bati mara moja, akasubiri. Alikuwa amefumba macho. Ndani pakajibu.

"Umeamkaje, wifi?" ndipo akasema.

Nikageuza kigari polepole, nisije nikawakatiza.